Foleni ya Waingereza sio kisasi cha Ulaya

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka baina yao, zilipoanza kutumia ule mfumo mpya wa kuandikisha wageni mpakani, EES kwa kifupi, hazipiti siku nyingi hujakutana na video ya Waingereza wamekwama eapoti, mtoto kalala juu ya begi, mama anajipepea na pasipoti, na chini yake watu wamegawanyika makundi mawili wanarushiana maneno. Kundi la kwanza linasema Ulaya inawakomoa Waingereza kwa sababu walijitoa kwenye Umoja wa Ulaya. La pili linasema hapana, hizo ni mashine tu zinasumbua, zikizoeleka mambo yatakaa sawa. Mimi hili suala nalifuatilia tangu kura ya 2016 na naona wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja, wanaikodolea macho foleni wakati shida yenyewe imeanzia mbali kabla ya mtu kufika kwenye foleni. Kwa miaka mingi kulikuwa na kazi ambayo huo muungano ulikuwa unamfanyia Mwingereza bila yeye hata kujua kwamba inafanyika, kazi ya kumdhamini kwa wengine, kwamba huyu tunamjua, ana haki ya kupita, mbwa wake kachanjwa, leseni yake ni ya kweli, nyama iliyo kwenye mkate wake imekaguliwa. Nchi ilipotoka ile kazi haikufa, ilimrudia mtu mmoja mmoja, na sasa kila mmoja anajidhamini mwenyewe, kwa muda wake na kwa hela yake.

Kwanza tuelewane kuhusu muda maana hapa ndo mkanganyiko ulipozaliwa. Kura ilipigwa 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka, 48.1 wakataka kubaki. Nchi ikatoka rasmi 31 Januari 2020, lakini kulikuwa na kipindi cha mpito mpaka 31 Desemba mwaka huohuo, na ndani ya kipindi hicho msafiri hakuona tofauti yoyote, pasipoti ileile, mstari uleule. Alafu korona ikawa imeshaingia, viwanja vya ndege vitupu, kwahiyo hata 2021, mwaka wa kwanza wa sheria mpya, wengi waliumalizia nyumbani. Mwingereza wa kawaida kaja kuonja mpaka mpya kiangazi cha 2022, miaka sita baada ya kupiga kura, na mtu akila kitu leo tumbo likamuuma baada ya miaka sita lazima atalaumu alichokula jana. Ndicho kilichotokea. Julai 2022 magari yalijaa Dover, bandari ya feri za kwenda Ufaransa, masaa kwa masaa na Liz Truss, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na yuko kwenye mbio za uwaziri mkuu, akasema ni Wafaransa hawakuweka maafisa wa kutosha. Aprili 2023, kuelekea Pasaka, mabasi yakakwama palepale, mengine yamebeba wanafunzi, watu wakalala ndani ya basi, na Suella Braverman akiwa waziri wa mambo ya ndani akasema sio haki kuihusisha hali ile na Brexit, yaani huko kujitoa. Maafisa wa Kifaransa kweli walichelewa kuwepo vituoni siku ile ya 2022, hilo silikatai. Ila swali ambalo hakuna waziri aliyetaka kulishika ni kwanini sasa hivi afisa mmoja akikosekana bandari nzima inasimama, wakati zamani akikosekana hakuna aliyejua.

Jibu liko kwenye kile anachofanya yule afisa akishika pasipoti yako. Watu wa upande wa kutoka wana hoja moja ambayo kwa haraka haraka inaonekana nzito, wanasema Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, tulikuwa tunaonyesha pasipoti tangu zamani, kwahiyo nini kimebadilika? Ni kweli walikuwa wanaonyesha. Lakini raia wa nchi mwanachama anapoonyesha pasipoti anaulizwa kitu kimoja tu, wewe ndo huyu wa kwenye picha na hati yako ni halali? Tangu Aprili 2017 wanaongeza kuangalia kwenye kompyuta kama anatafutwa au hati imeripotiwa kupotea, basi, anapita. Afisa hamuulizi unakwenda kwa nani wala una hela kiasi gani, kwasababu kwenda ni haki yake na haki haiombwi dirishani. Mtu wa nje ya muungano ni habari nyingine kabisa. Sheria inamtaka afisa ajiridhishe na sababu ya safari, mahali pa kulala, hela ya kujikimu, tiketi ya kurudi, na umri wa pasipoti yenyewe, alafu atafute ukurasa agonge mhuri, na kabla ya kugonga apekue mihuri ya nyuma ahesabu siku. Sio kila mtu anaulizwa yote hayo, wengi wanapita na salamu tu, lakini yote anaruhusiwa kuyauliza na mhuri ulikuwa hauepukiki. Sasa chukua basi la watu 50, kila mmoja umuongezee hata nusu dakika, alafu kumbuka kwamba Dover ni bandari iliyobanwa kati ya jabali na bahari, haina pa kutanukia, na kwa makubaliano ya Le Touquet ya 2003 polisi wa Ufaransa wanakagua hukohuko Dover kabla mtu hajapanda feri. Hiyo nusu dakika inapojikusanya inatoka nje ya geti la bandari na kulala kwenye barabara za mkoa wa Kent.

Tukitoka kwenye foleni kuna mambo yanayowakuta watu kabla hata ya kuifikia, na haya ndo yananiuma zaidi kwa sababu hayapigwi video. Mfano mmoja ni hesabu ya pasipoti. Mpaka Septemba 2018 Mwingereza akibadilisha pasipoti kabla haijaisha alikuwa anaongezewa miezi iliyobaki kwenye ile ya zamani, mpaka miezi tisa, kwahiyo mtu aliyepewa pasipoti 10 Machi 2016 anaweza kuwa na kitabu kimeandikwa wazi kwamba kinaisha 10 Desemba 2026. Nyumbani kwake hicho kitabu ni halali. Schengen wanahesabu namna mbili kwa pamoja, iwe haijatimiza miaka 10 tangu itolewe siku unapoingia, na iwe imebakiza angalau miezi mitatu siku unapotoka. Kwahiyo Aprili 2026 huyu mtu anaamka saa tisa usiku, kafunga mabegi, kawabeba watoto, hoteli imeshalipwa, anafika kaunta ya kukaguliwa tiketi na binti wa pale anampigia hesabu kwa vidole, anamwambia pole, pasipoti yako ilitimiza miaka 10 mwezi uliopita, huwezi kupanda. Mtu anaonyesha tarehe iliyoandikwa, anasoma kwa sauti, Desemba 2026, na wala hakosei kusoma. Amekosea sheria ya sehemu ambayo zamani haikumhusu. Na pasipoti za namna hiyo zilitolewa mpaka 2018, maana yake huu mtego utaendelea kunasa watu mpaka 2029. Hakuna afisa wa Ulaya aliyemkomoa hapo, hata mpakani hajafika, na hakuna mashine iliyofeli.

Sasa hii hoja ya kukomolewa. Naiona ndo dhaifu kuliko zote japo ndo inayopendwa, kwasababu inampa mtu wa kumkasirikia. Sheria iliyoanzisha EES ilipitishwa Novemba 2017, wakati Uingereza bado ni mwanachama, na wazo lake lilikuwa mezani Brussels miaka mingi kabla neno Brexit halijazoeleka midomoni. Haikuandikwa kwa ajili yao. Inamgusa Mmarekani, Mjapani, Mbrazili, Mkenya, yeyote anayekuja kwa muda mfupi na hana uraia wa nchi za muungano au zile nne za jirani zilizo ndani ya Schengen. Mimi huo mstari wa pasipoti nyinginezo nimeusimamia mara nyingi, na tena sisi tunafika hapo tukiwa tumeshapita foleni nyingine ya viza iliyochukua wiki kadhaa. Safari yangu ya mwisho nyuma yangu walisimama wazee wawili Waingereza, mtu na mkewe. Mama alikuwa na kijidaftari cha mfukoni, kila mstari kaandika tarehe ya kuingia na ya kutoka, na pembeni jumla ya siku kwa penseli, kafuta na kuandika upya mpaka karatasi imechakaa. Mzee alipofika kwenye mashine vidole vikakataa kusomeka, ngozi ya uzee imekauka, akajaribu mara ya kwanza, ya pili, mkewe akatoa kitambaa chenye maji akamfuta kidole kimoja kimoja kama anamfuta mtoto, ndo ikakubali. Hakuna aliyewafokea wala kuwadhihaki. Afisa alikuwa mpole kabisa, nadhani hata aliwahurumia. Kama huko ndo kukomolewa basi na sisi wengine tumekomolewa miaka yote na hatukuambiwa kosa letu.

Hata hivyo nisiibebe hoja yangu kupita kipimo. Kuna wanaosema Ulaya ingetaka ingewasamehe Waingereza, na hapo wana kipande cha ukweli. Raia wa Andorra, Monaco na San Marino hawaandikishwi kwenye EES, wamesamehewa, kwahiyo kusamehewa kunawezekana. Lakini zile ni nchi ndogo zilizozungukwa na Schengen na zimeshikamana nayo kwa mikataba, Uingereza ina watu karibu milioni 70 na serikali zake zilizojadili kutoka zilitaka hasahasa kuukata ule uhuru wa watu kuingia na kutoka. Na ukitaka ushahidi kwamba upande wa pili hawajajaa chuki angalia Ufaransa. Kwenye sheria yao ya uhamiaji, maseneta waliingiza kipengele cha kuwapa Waingereza wenye nyumba Ufaransa viza ya kukaa muda mrefu bila kuomba kila mara, na bunge likapitisha, kikaja kuondolewa Januari 2024 na Baraza la Katiba kwasababu za kiutaratibu, kwamba hakihusiani na muswada ulivyoanza. Walitaka kusaidia, wakashindwa na taratibu zao wenyewe. Kwingineko duniani kuna mfano mwingine. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, 29 Januari 2025, na siku ileile jumuiya ikaziomba nchi zilizobaki ziendelee kuzitambua pasipoti zenye nembo yake mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Huo ni uungwana na naupenda. Ila mwenye pasipoti ile sasa anapita kwa kuruhusiwa, siku wakitangaza vinginevyo hana pa kushitaki, na tofauti ya kuruhusiwa na kuwa na haki ndo hiyohiyo Waingereza wanayoipapasa sasa bila kuitaja jina.

Na tena Uingereza yenyewe inafanya yaleyale. Tangu Oktoba 2021 Wazungu wengi wa Ulaya hawawezi tena kuingia Uingereza kwa kitambulisho cha taifa, lazima pasipoti, na mamilioni ya watu kwenye nchi zile hawana pasipoti kwa sababu hawakuwahi kuihitaji. Ziara za shule kutoka Ufaransa zikadorora mpaka mwisho wa 2023 Uingereza ikabidi ilegeze masharti kwa ajili ya vikundi vya wanafunzi wa Kifaransa. Tarehe 2 Aprili 2025 ikaanza kuwataka Wazungu wa Ulaya waombe kibali cha mtandaoni, ETA, wiki moja baadaye ada ikapanda kutoka pauni 10 mpaka 16. Tarehe 12 Aprili 2025 ikazuia wasafiri kuingia na nyama, jibini na maziwa kutoka Ulaya kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Kila hatua kati ya hizo ina sababu yake na zingine ni sababu nzuri tu, lakini Mjerumani anayenyang'anywa soseji zake hajisikii tofauti na yule dereva aliyefika kutoka Uingereza ambaye Januari 2021 kwenye bandari ya Hoek van Holland maafisa wa Kiholanzi walimchukulia mikate yake ya nyama aliyokuwa ameifunga kwenye foili, akauliza kama anaweza kubakiza walau mkate, wakamwambia hapana, karibu kwenye Brexit. Watu walicheka sana ile video. Mimi nilimwona baba wa watu aliyefunga chakula chake cha njiani kama alivyofunga siku zote.

Wale wa kundi la pili, wa mashine, nawaheshimu zaidi maana wana hoja inayopimika. Wanasema mara ya kwanza ndo nzito, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vinne, watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole, na taarifa zinakaa miaka mitatu, kwahiyo safari inayofuata mtu analinganishwa uso tu anapita. Ratiba ilikuwa mfumo ukamilike kila mpaka kufikia 10 Aprili 2026, na sheria inaruhusu nchi kuusitisha kidogo kama umati umezidi. Nakubali kwamba baada ya mwaka au miwili foleni zitapungua. Lakini wamesahau kwamba hii mashine haikununuliwa kwa ajili ya kuwahisha watu, imenunuliwa kuhesabu siku. Sheria ya siku 90 ndani ya kila siku 180 ipo tangu zamani na ilikuwa inawahusu Waingereza tangu 2021, ila ilikuwa inasimamiwa kwa mhuri, na mhuri una huruma yake, wino umefifia, afisa kachoka, ukurasa umeruka, mtu akizidisha siku mbili tatu kwasababu mkewe alilazwa au feri iliahirishwa hakuna aliyeona. Kompyuta haifanyi hivyo. Siku ya 91 inawaka yenyewe, na jina lako linaingia kwenye orodha ya waliozidisha bila mtu yeyote kuamua kukuandika. Kwahiyo kadiri mashine zitakavyofanya kazi vizuri ndivyo foleni itakavyopungua na sheria itakavyobana, na wanaosema mambo yatakaa sawa wamepima kimoja wakasahau kingine.

Na hesabu yenyewe sio ya mwaka wa kalenda. Wengi wanadhani ni miezi mitatu ya kwanza, ukimaliza unasubiri Julai unaanza upya. Hapana, ni dirisha linalotembea, kila siku unayokuwa ndani unageuka nyuma unaangalia siku 180 zilizopita unajumlisha. Mzee mwenye kinyumba Hispania alichokinunua 2005 kwa akiba ya maisha yake, aliyezoea kwenda Novemba kukimbia baridi na kurudi Aprili, sasa hivi ikifika katikati ya baridi siku zimekwisha na hawezi kukaa nyumbani kwake mwenyewe. Waliokuwa wamehamia kabisa kabla ya mwisho wa 2020 wanalindwa na mkataba wa kutoka, wana kadi zao za ukazi na EES haiwahusu, japo nao lazima waitoe kadi kila wakifika la sivyo wanaandikishwa kama watalii na kuanza kuhesabiwa. Mwenye hela nyingi analipa mwanasheria anaomba viza ya ukazi. Huyu wa katikati, mwenye pensheni ya kawaida na nyumba ya vyumba viwili, ndo anabaki na daftari na penseli. Vilevile dereva wa lori, ambaye siku zake 90 zinaliwa na kazi, akitaka kuwapeleka wanawe ufukweni anakuta hana siku. Mwanamuziki anayezunguka na bendi anakuta kila nchi ina masharti yake ya kibali cha kazi, na vyombo vyake vinaweza kuhitaji hati ya forodha yenye orodha ya kila gitaa na kila spika. Mwenye mbwa, pasipoti ya mbwa iliyotolewa Uingereza ilikufa 1 Januari 2021, sasa kila safari anatafuta daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, anapata cheti ndani ya siku 10 kabla ya kuingia, analipa pauni mia na zaidi, na safari ijayo anaanza moja. Simu nazo, Ulaya ilifuta makato ya ziada kwa wateja wanaovuka mipaka Juni 2017, Uingereza ilipotoka makampuni yake hayakubanwa tena na mengi yakarudisha makato. Ukikichukua kimoja kimoja kati ya hivi ni kidogo. Ndo maana hakuna aliyeandamana kwa ajili ya chochote kati yake.

Kuna upande ambao makala nyingi za Kiingereza zinaupita mbio, nao ni Wazungu wa Ulaya waliokuwa wanaishi Uingereza kabla. Wao walibaki palepale na mpaka ukawavuka. Mtu ameishi Leeds miaka 30, kazaa, kalipa kodi, akaambiwa aombe upya ruhusa ya kuishi kwake, mwisho wa kuomba 30 Juni 2021. Mamilioni waliomba na wengi wao walipewa, naisifu serikali kwa hilo maana fomu ilikuwa bure na sio ngumu kwa mwenye simu janja. Lakini hawakupewa kadi. Hadhi yao iko kwenye kompyuta ya serikali tu, mwenye nyumba akitaka ushahidi unampa namba ya kuingilia mtandaoni, na siku mtandao ukikataa au pasipoti uliyojiandikishia imeisha ukachukua mpya bila kuisasisha, umesimama mbele ya kaunta ya ndege huna cha kushika. Waliopewa hadhi ya muda wa miaka mitano walitakiwa waombe tena, asiyeomba anapoteza haki zake, mpaka Mahakama Kuu ikaamua Desemba 2022 kwamba kumpokonya mtu haki kwa kukosa ombi la pili ni kinyume cha sheria. Nchi iliyoona 2018 kilichowapata watu wa Windrush, wazee wa Karibiani walionyimwa kazi na matibabu na wengine kufukuzwa kwa kukosa karatasi tu, ilitakiwa iogope zaidi kuanzisha hadhi isiyoshikika mkononi.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa kutoka haihusu foleni kabisa. Ni ile inayosema nchi inayojitungia sheria zake ina thamani, na thamani inalipiwa, kama bei ni kusimama saa moja Alicante basi nitasimama. Anayesema hivi sina ugomvi naye, ameweka mizani mezani na kachagua. Na familia inayokwenda wiki moja Majorca mara moja kwa mwaka kweli haiumii sana, nikisema imeharibiwa maisha nitakuwa natia chumvi. Ninachokataa ni namna mzigo ulivyogawanywa. Aliyepiga kura kwa ajili ya bunge lake kuwa na nguvu, na ana haki hiyo, gharama ya uamuzi ule haimfikii sawa na anavyofikiwa yule ambaye maisha yake yako pande mbili, mwenye mke Mreno, mwenye mama anayeugua Krakow, fundi anayekwenda kufunga mashine Lille kwa siku tatu. Hao wa pande mbili ndo wanaolipa karibu bei yote, na kwenye kampeni ya 2016 hakuna upande uliowakalisha chini ukawahesabia siku 90 kwenye kalenda.

Ndo maana mazungumzo ya sasa ya kusogeleana yasomwe kwa makini. Tarehe 19 Mei 2025 London, Keir Starmer akiwa waziri mkuu wa Uingereza na Ursula von der Leyen akiwa mkuu wa Tume ya Ulaya walitoa makubaliano yaliyotaja pasipoti za wanyama, ukaguzi wa vyakula, na kwamba hakuna kizuizi cha kisheria kwa Waingereza kutumia mageti ya otomatiki EES ikishaanza. Magazeti yakaandika foleni zinakwisha. Geti la otomatiki lipo pale nchi husika inapotaka kuliweka, na likiwepo linahesabu siku kama kawaida. Angalia pia kilichotolewa kwa ujumla wake siku ile, meli za uvuvi za Ulaya zikaruhusiwa kuendelea kwenye maji ya Uingereza mpaka 2038, na ili ukaguzi wa vyakula upungue Uingereza ikakubali kwamba itazifuata sheria za Ulaya za eneo hilo zinavyobadilika, na mahakama ya Ulaya ndo itakuwa na neno la mwisho kwenye tafsiri yake. Hiyo ndo njia pekee iliyowahi kuonekana ya kumpunguzia mtu kazi ya kujidhamini, nchi mbili zikubaliane sheria moja na mtu wa kuitafsiri, na kila kipande kinajadiliwa peke yake, mbwa peke yake, jibini peke yake, wanafunzi peke yao kupitia Erasmus+, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ambako Uingereza imekubali kurudi 2027. Siku 90 hazimo kwenye orodha hiyo. Anayesubiri kwamba zitaongezwa zenyewe kwa sababu uhusiano umechangamka atasubiri sana, maana hizo zinagusa uhuru wa watu kutembea na hapo hakuna serikali ya London iliyothubutu kusogea.

Kinachokuja kabla ya hapo ni ETIAS, kibali cha mtandaoni cha Ulaya ambacho kimepangwa kuanza robo ya mwisho ya 2026, ada euro 20, kinadumu miaka mitatu au mpaka pasipoti iishe. Nitashangaa kama hakitaitwa kisasi nacho, wakati Uingereza inacho cha kwake tayari. Wenye zaidi ya miaka 70 hawatalipa hiyo ada, ila fomu wataijaza, majina, namba ya pasipoti, barua pepe, maswali ya makosa ya jinai, kila kitu kiendane herufi kwa herufi na kitabu. Na kwa wazee wengi atakayeijaza ni binti yao au mjukuu, usiku, simu mkononi, pasipoti imefunguliwa mezani chini ya taa, siku chache kabla ya safari.